MAPAMBO: Jinsi ya kupiga picha bora za shanga na vito kwa simu ya mkononi

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Walisema hivyo katika enzi ambapo mnunuzi alifika sokoni mwenyewe, akaishika bidhaa, akaigeuza na kuipima kwa jicho lake. Siku hizi mkufu wa shanga uliotungwa Silibwet, Litein au Kapkatet huenda ukanunuliwa na mtu aliye Nairobi, Mombasa au ng'ambo, ambaye hajauona ila kwenye kioo cha simu. Kwa mnunuzi wa aina hiyo, picha ndiyo duka na ndiyo ahadi ya muuzaji. Chema kilichopigwa picha vibaya hakijiuzi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako familia nyingi hutegemea chai. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya shirika la KTDA, kama vile Litein, Mogogosiek na Kapkoros, hupokea sehemu ya malipo yake kila mwezi na sehemu nyingine kama bonasi. Katika mashamba makubwa nako, mashine za kuchuma majani zimepunguza kazi ya mikono, hali iliyozua ghadhabu hadi baadhi ya mashine zikateketezwa mjini Kericho na viungani mwake mwezi Mei 2023. Katika mazingira kama hayo, kazi ya kutunga shanga, ambayo mama anaweza kuifanya nyumbani baada ya shughuli za shambani, inaweza kuwa karo ya mtoto au unga wa jioni. Si haki jasho hilo lipotee kwa sababu ya picha yenye giza.

Sanaa yenyewe ina mizizi mirefu. Miongoni mwa Wakipsigis, shanga na kauri zilipamba mavazi ya ngozi, shingo, masikio na hata sotet, yaani kibuyu cha maziwa ya mursik. Katika ndoa ya kimila, bwana na bibi harusi hufungana mikononi nyasi ya segutiet, bangili isiyo na punje hata moja ya kioo lakini yenye thamani kuliko dhahabu. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi, nao ushanga wa kioo uliletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Hadi leo, ushanga unaosifiwa kwa punje zilizolingana hutoka katika Jamhuri ya Cheki, ambako mji wa Jablonec umejulikana kwa kazi hiyo kwa karne kadhaa.

Simu za kwanza zenye kamera zilianza kuuzwa Japani na Korea Kusini karibu na mwaka 2000, na picha zake zilikuwa hafifu mno. Leo hata simu ya bei nafuu ina kamera inayotosha kabisa kuonyesha punje moja moja za ushanga. Hivyo basi, kinachotenganisha picha mbaya na nzuri aghalabu si bei ya simu bali ni mwanga, mahali na mkono wa mpigaji.

Mwanga wa nyanda za juu

Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na si mbali na mstari wa ikweta. Kwa sababu hiyo jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi mwaka mzima, na hutua katika muda kama huo jioni. Asubuhi nyingi huwa na anga safi, kisha mawingu hukusanyika na mvua hunyesha alasiri. Mpigaji picha anayeujua mpango huo wa mbingu amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Jua kali la adhuhuri halifai. Karibu na ikweta jua hilo husimama utosini, likatoa vivuli vifupi na vyeusi. Kila punje ya kioo hupata nukta nyeupe inayochoma macho, ilhali upande wa chini wa mkufu humezwa na giza. Metali iliyong'arishwa huathirika zaidi, kwani sehemu inayopigwa na jua hugeuka nyeupe tupu na nakshi zake hupotea.

Wakati mzuri ni kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, mahali penye kivuli kilicho wazi kwa anga: kwenye varanda, mlangoni, au kando ya dirisha lisiloingiza miali ya jua moja kwa moja. Siku ya mawingu mepesi ni neema, wala si mkosi. Wingu hutawanya mwanga kama pazia jeupe lililotandazwa angani, na vivuli vikalainika. Iwapo dirisha linaingiza jua moja kwa moja, shuka jeupe au karatasi nyembamba ikitundikwa mbele yake itafanya kazi ile ile ya wingu.

Mwanga uje kutoka ubavuni, si kutoka nyuma ya mpigaji. Mwanga wa ubavuni hugusa kila punje upande mmja na kuacha kivuli chepesi upande wa pili, na hapo ndipo jicho linapotambua kwamba ushanga ni wa mviringo na kwamba kazi ya mkono ina kina. Kivuli kikizidi, karatasi nyeupe ya manila isimamishwe upande wenye giza ili kurudisha sehemu ya mwanga.

Taa ya kamera izimwe. Taa hiyo hutoka karibu sana na lenzi, hivyo huufanya ushanga uonekane bapa na kuirudishia lenzi mng'ao mkali. Vilevile taa za nyumbani zizimwe wakati wa kutumia mwanga wa dirisha. Wataalamu hupima rangi ya mwanga kwa kipimo kiitwacho kelvini: balbu ya rangi ya manjano huwa karibu 2,700, jua la mchana karibu 5,500, na anga yenye mawingu hupita 6,000. Mianga miwili tofauti ikichanganyika, shanga nyeupe zitaonekana za manjano upande mmoja na za samawati upande mwingine, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayoziponya pande zote mbili.

Kijani cha chai na wekundu wa udongo

Nyanda za chai zina mtego ambao mpigaji wa mjini hakutani nao. Mwanga unapogonga majani ya chai, hurudi ukiwa na rangi ya kijani. Mtu aliyesimama katikati ya shamba akishika bangili ya rangi ya fedha atapata picha ya bangili yenye ukijani, na shanga nyeupe zitafanana na maziwa yaliyoharibika. Udongo mwekundu nao hutia wekundu kutoka chini, na mabati au kuta zilizopakwa rangi hutia rangi zake.

Tiba ni mbili. Kwanza, picha za kuonyesha rangi halisi zipigwe hatua kadhaa kutoka kwenye majani, juu ya karatasi nyeupe. Pili, picha ya mkufu ukiwa juu ya mchai, ambayo bila shaka huvutia na humwambia mnunuzi bidhaa imetoka wapi, iwe moja tu miongoni mwa nyingi, wala isiwe ndiyo inayotumiwa kuamulia rangi. Aidha, majani yawe makavu. Kioo hakidhuriwi na umande, lakini uzi na ngozi hulegea na kuoza vikilowa mara kwa mara.

Kwa vito vya metali, kanuni ni moja: kinachopigwa picha si metali pekee bali pia kila kitu kinachojiakisi ndani yake. Pete iliyong'arishwa ni kioo kidogo. Itaonyesha shati jekundu la mpigaji, simu yake na mlango ulio nyuma yake. Mpigaji avae nguo nyeupe, nyeusi au ya kijivu. Kisha azungushe karatasi nyeupe pande tatu za pete, aache nafasi ndogo tu ya lenzi. Metali itaakisi weupe huo na kuonekana safi, na ukingo wa karatasi nyeusi ukiwekwa ubavuni utachora umbo la pete lisipotelee katika weupe.

Mahali pa kuweka pambo

Leso na vitenge vyenye maua vina uzuri wake, lakini hushindana na ushanga. Jicho la mnunuzi halitajua litazame wapi. Usuli mzuri ni ule mtulivu: karatasi ya manila, ubao usiopakwa rangi, ngozi, jiwe, au kitambaa cha rangi moja kisichong'aa. Shanga nyeupe na za manjano hupendeza juu ya rangi nzito, na shanga nyeusi au za samawati nzito juu ya rangi hafifu.

Karatasi ya manila ikilazwa mezani na ncha yake ya nyuma kuinuliwa taratibu dhidi ya ukuta, bila kukunjwa, picha haitakuwa na mstari unaotenganisha meza na ukuta. Gharama yake ni ndogo, na karatasi hiyo moja ikitunzwa isichafuke itatumika kwa vipande vingi.

Kabla ya kupiga, pambo lifutwe kwa kitambaa laini. Kamera iliyo karibu huona vumbi, nywele, alama za vidole na ncha za uzi ambazo jicho halikuziona. Mkufu upangwe kwa mkono hadi safu zake zilale sawa. Vipuli viwili viwekwe kwa namna inayoonyesha kwamba vinalingana.

Kuishika na kuielekeza kamera

Hatua ya kwanza ni ile inayosahaulika zaidi, nayo ni kufuta lenzi. Simu inayokaa mfukoni au kwenye kikapu hupata mafuta ya mikono, vumbi na unga, na uchafu huo huifunika picha kwa ukungu ambao wengi hudhani ni ubovu wa simu.

Pili, mpigaji asisogee karibu mno. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haiwezi kuona kitu kwa makini. Aidha, lenzi ya simu ikikaribia sana hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma, hata pete ya duara ikaonekana kama yai. Ni afadhali kurudi nyuma kiasi cha sentimita 20 hadi 30, kupiga kwa kamera kuu, kisha kukata kingo za picha baadaye. Kuvuta picha kwa vidole kupita kiasi hakusaidii, kwani simu nyingi hunyoosha tu nukta zilizopo pasipo kuongeza undani. Simu kadhaa za bei nafuu zina lenzi ya pili ya vitu vidogo, lakini aghalabu huwa na megapikseli mbili tu, na kamera kuu ikikatwa kingo huishinda.

Tatu, kidole kiguse kioo mahali penye pambo ili kamera ijue pa kulenga. Katika simu nyingi kidole kikikaa hapo kwa muda, ulengaji hufungwa na alama ya jua hutokea, ambayo ikisukumwa juu au chini huongeza au kupunguza mwangaza. Alama hiyo ina manufaa makubwa kwa sababu kamera hukisia. Hudhani kwamba kila mandhari ina wastani wa rangi ya kijivu. Ikiona karatasi nyeupe, hudhani kuna mwanga kupita kiasi na kuitia giza. Ikiona kitambaa cheusi, hufanya kinyume. Kwa hivyo, juu ya weupe mwangaza uongezwe kidogo, na juu ya weusi upunguzwe.

Nne, simu itulie. Iegemezwe kwenye rundo la vitabu, mkebe au kiegemeo cha miguu mitatu, na kipima muda cha sekunde mbili au tatu kitumiwe ili kidole kinachobonyeza kisiitikise. Mambo yanayolainisha sura na kubadili rangi, ambayo simu nyingi huyaweka kwa ajili ya picha za watu, yaondolewe. Yanayopamba uso huharibu ushanga.

Picha tano kwa kila kipande

Mnunuzi aliye mbali ana maswali ambayo angeyajibu mwenyewe kwa mikono yake. Picha tano humjibu. Ya kwanza huonyesha pambo zima kutoka juu au mbele. Ya pili huonyesha kwa karibu punje na mshono. Ya tatu ni ya nyuma pamoja na kifungio, kwa maana ubora wa kazi hutambulikana upande ambao fundi hakutarajia utazamwe. Ya nne huonyesha pambo kando ya rula, ili ukubwa ujulikane kwa sentimita. Ya tano huonyesha likiwa limevaliwa, maana mkufu unaoonekana mwembamba mezani unaweza kujaza kifua.

Pakiwa na dosari, kama vile punje iliyopasuka au ngozi yenye kovu, picha ya sita iionyeshe. Mteja aliyeiona dosari akakubali kununua hana sababu ya kulalama.

Rangi iwe ya kweli

Hapa ndipo biashara nyingi huvunjika. Mama aliyeagiza shanga za rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya koito ya bintiye, akafikishiwa shanga nyekundu, hatasikiliza maelezo kuhusu mianga na kamera. Ataurudisha mzigo, na nauli ya kwenda na kurudi huenda ikamaliza faida yote ya fundi.

Njia ya kujikinga ni nyepesi. Baada ya kupiga, muuzaji aishike simu kando ya pambo lenyewe, katika mwanga ule ule, alinganishe. Rangi ikiwa imepotoka, airekebishe hadi vilingane, kisha aache hapo. Kuongeza ukolezi wa rangi ili picha ing'ae kuliko bidhaa ni kujichimbia shimo. Na kwa kuwa vioo vya simu havifanani, rangi itajwe kwa maneno pia, na mteja aarifiwe iwapo shanga za mkupuo mpya zinatofautiana kidogo na za awali.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora au aina ya bidhaa. Shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu isiitwe dhahabu, hata kama katika picha inang'aa vivyo hivyo.

Idhini, usalama na haki

Anayevalishwa pambo ili apigwe picha ana haki ya kukataa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huitambua picha ya mtu kuwa habari yake binafsi. Kuhusu watoto, idhini ya mzazi au mlezi ni lazima. Mnamo 2023 afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa biashara ndogo, kupiga shingo na mikono pekee, pasipo uso, huondoa shida nyingi, ingawa idhini bado inahitajika.

Tahadhari nyingine inahusu nyumba ya fundi. Simu huweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Kwa mwanamke anayefanyia kazi nyumbani akiwa na vitu vya thamani, hiyo ni habari asiyopaswa kumpa kila mtu. Uandishi wa mahali uzimwe katika mipangilio ya kamera kabla ya picha kutumwa.

Picha yenyewe ni mali. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, anayepiga picha kwa niaba yake mwenyewe ndiye mwenye haki juu yake. Muuzaji mwingine akiitwaa na kuitangaza kama bidhaa yake, amekosa. Vilevile, Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa pale utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapatikana sheria ya kulinda maarifa na sanaa za kimila. Haki hiyo inakuja na wajibu. Yapo mambo ya tohara ambayo mila huyaweka siri, na si vyema kila pambo la zamani kupigwa picha na kutangazwa. Wazee waulizwe kwanza.

Kutuma, kuhifadhi na kulipwa

Picha iliyopigwa kwa uangalifu inaweza kuharibiwa njiani. Mtandao wa WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili itumwe kwa urahisi, na punje ndogo za ushanga hugeuka ukungu. Tangu mwaka 2023 mtandao huo una chaguo la kutuma kwa ubora wa juu zaidi, na pia inawezekana kuituma picha kama faili ili ifike jinsi ilivyo. Picha asili zihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye simu na kwenye kadi ya kumbukumbu. Kila kipande kipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe kwenye jina la picha na kwenye daftari, ili mteja anayetaka "ule mkufu wa juzi" asiletewe mwingine.

Mwisho, muuzaji asisahau kwamba picha inaweza kudanganya pande zote mbili. Picha ya ujumbe wa M-Pesa iliyotumwa na mnunuzi si malipo. Fedha ni zile zilizothibitishwa na ujumbe ulioingia kwenye simu ya muuzaji mwenyewe, na salio lililoongezeka. Mzigo usipelekwe kwenye matatu wala posta kabla ya hapo.

Kwa muhtasari

Futa lenzi na pambo. Tumia mwanga wa asubuhi kwenye kivuli kilicho wazi, ukitoka ubavuni. Zima taa zote. Kaa mbali na majani na udongo unapotaka rangi halisi. Chagua usuli wa rangi moja. Rudi nyuma kidogo, gusa kioo, rekebisha mwangaza, tuliza simu. Piga picha tano, pamoja na ile ya rula. Linganisha rangi na pambo lenyewe. Omba idhini, zima uandishi wa mahali, na hifadhi picha asili. Anayefuata mpangilio huu hahitaji simu mpya ili kazi ya mikono yake ionekane ilivyo.